Jiwe la Ishbel

Tangu alipopasuliwa nyonga, Ishbel alitamani kufika tena kileleni mwa mlima wa kwao kwa miguu yake. Alfajiri hiyo alipanda na jirani yake Una, umande ukiwalowesha viatu, kondoo wakiwapisha.

"Nipe mkono, shoga, usije ukaanguka," alisema Una.

"Thubutu! Ukinivuta, nitawekaje jiwe?"

Kwao, anayepanda kwa nguvu zake ndiye huongeza jiwe kwenye rundo la kileleni.

Una akacheka. "Ukaidi huu marehemu mumeo aliuvumiliaje?"

"Kwa sala."

Mlima ulimtoa jasho, akawa anapumzika kila mara, lakini hakushikwa. Juu kabisa akaokota jiwe, akaliweka, akamshukuru Mungu. Kisha akasimama kifua mbele, upepo ukimpiga usoni.

"Haya, bibi, weka na wewe," akamwambia Una, "kama bado una pumzi."