Mdoli Haoni Aibu

Mkuu wa idara alinikuta kwenye chumba cha mazoezi ya uuguzi nikitandika kitanda.

"Mama, hicho kiondoe. Kesho mtathmini anakuja. Mtaala mpya unataka mdoli wa kufundishia na kompyuta."

Alikuwa mwanafunzi wangu zamani, ndiyo maana huniita mama hata anaponitisha. Chuo chetu cha uuguzi kilipopandishwa hadhi kuwa chuo kikuu, sisi wakufunzi wakongwe tuliambiwa tuthibitishe umahiri wetu upya. Atakayeshindwa ataacha kufundisha. Sikununa. Nilijiandikisha masomo ya jioni, nikajifunza kufanya utafiti, nikamzoea hata yule mdoli anayepumua. Mume wangu hucheka: "Mama watoto, utazeeka na begi mgongoni!"

"Mdoli nitamtumia," nikamwambia mkuu. "Kitanda hakiondoki."

"Mama, usinitie matatani."

"Wewe na matata mnajuana tangu ulipokuwa ukiogopa sindano."

Asubuhi nilisali mkono ukiwa kwenye kitasa: Ee Mungu, nipe ulimi usiotetemeka. Kisha nikaingia.

Wanafunzi walimpima mdoli mapigo, wakamgeuza, kompyuta ikatoa alama za juu. Mtathmini, aliyeketi nyuma na mkuu wa idara, akatabasamu.

Nikavua viatu, nikapanda kitandani.

"Sasa mgonjwa ni mimi. Bibi aliyevunjika nyonga. Nigeuzeni."

Mwanafunzi anayeongoza darasa, wenzake humwita Profesa, akanikamata bega akanipindua kama gunia. Kimya kimya.

"We! Hata mbuzi huambiwa twende!"

Darasa likaangua kicheko. Profesa akajikuna kichwa. "Samahani, mwalimu. Mdoli huwa hatumsemeshi."

"Mdoli haoni aibu, wala haumwi. Bibi anaona, na anaumwa. Rudia."

Akainama karibu na sikio langu. "Shikamoo, bibi. Naomba nikugeuze ulalie ubavu wa kulia. Ukisikia maumivu, niambie, nitasimama."

"Marahaba, mjukuu wangu. Geuza."

Mtathmini akasimama. "Mwalimu, hili halimo kwenye vigezo. Siwezi kulitolea alama, na limekula muda. Itabidi utathminiwe tena."

Mkuu wa idara akanitazama kwa jicho la kusema, "Nilikuambia."

"Nitarudia," nikasema, bado nimelalia ubavu. "Mara mia mkitaka. Na kila mkija, mtanikuta kitandani humu humu." Nikawageukia wanafunzi. "Haya, anayefuata! Mgonjwa anangoja."