Neno Nililolikata Vibaya

Mimi ni mchonga mawe ya makaburi, na shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na mmoja. Sisemi haya kujitetea.

Bahari ilipopasua tuta la kijiji chetu huku Zeeland, mwaka 1953, Bi Pieternella Kloosterman alifiwa na mume na mabinti wawili. Miaka miwili baadaye alinijia na karatasi aliyoiandika mwenyewe: majina matatu, na chini yake neno moja, dijkramp. Kwa lugha yetu dijk ni tuta, ramp ni maafa. Tukilitamka tunakaza sauti mwanzoni, kwenye tuta. Maafa yanafuata kwa sauti ya chini.

"Herufi ziwe kubwa, Marinus," aliniambia. "Hata asiye na miwani asome."

Jiwe lilikuwa jembamba, neno halikuenea. Nikalikata pale nafasi ilipoishia: DIJ- juu, KRAMP chini. Nilihesabu herufi tu, sikulitamka.

Siku ya kulizindua, mchungaji alivuta kitambaa. Kisha Cor, mlinzi wa malango ya maji, akaziba mdomo, kicheko kikamtoka puani.

"Dij... kramp!" jirani yake akasoma kwa sauti.

Hapo ndipo niliposikia nilichokiandika. Dij ni paja. Kramp ni kubanwa na msuli. Kicheko kikapita safu hadi safu, hata kwa waliokuwa wakilia.

Bi Pieternella akasogea, akapitisha kidole kwenye herufi.

"Marinus, mume wangu Leendert alikufa kwa kubanwa na msuli wa paja?"

"Nitalirekebisha, Bi. Kesho asubuhi."

"Na wanangu je? Nao walibanwa?"

Nililirudisha jiwe karakanani, nikaanza kuliparua. Siku ya pili likapasuka vipande viwili. Nikaenda kumwambia nitachonga jingine, pana zaidi. Nilimkuta jikoni, kahawa imepoa mbele yake.

"Acha," alisema. "Uchonge utakavyo, ni bure. Watu wakipita pale watakumbuka paja, hawatawakumbuka wanangu."

"Bi, nipe nafasi moja tu."

"Nenda nyumbani, Marinus."

Kabla ya Pasaka alihamia Goes kwa dada yake. Nimemwandikia barua tatu. Hajajibu hata moja. Kaburi lao lina nyasi tu, na mimi ndiye ninayezikata.