Dawa Iliyotangazwa Baleni

Jovina alimwomba Damian, mkuu wake wa maabara, jambo moja tu: asiseme kitu mpaka jaribio la pili likamilike. Damian akajibu sawa. Ijumaa hiyo hiyo akaenda Baleni, akasimama mbele ya mkutano wa kijiji, akatangaza kwamba mizizi ya Bi Mize imeua vimelea vyote vya malaria.

Ilikuwa kweli nusu. Katika maabara yao ndogo pale Kilindoni, Jovina alikuwa akikuza vimelea ndani ya damu, kwenye visahani, kisha anavitilia maji ya mizizi ya mti ambao watu wa Baleni huuita mchungu. Bi Mize, mganga wa kijiji, ndiye aliyempa mizizi hiyo. Vimelea vilikufa. Lakini Jumatatu, Jovina alipotia maji yale yale kwenye damu safi, chembe za damu zilipasuka, maji yakawa mekundu kama juisi ya rozela.

"Haiui vimelea, mkuu," alimwambia Damian. "Inabomoa nyumba, mpangaji anafia humo humo."

"Punguza kipimo."

"Nimepunguza. Damu isipopasuka, vimelea vinaendelea kuzaana."

"Basi tuandike kwa lugha ya upole. Wafadhili wameshafurahi."

Jovina alitazama dari, akatoka bila kuaga.

Alipanda bodaboda hadi Baleni. Njiani, kila mahali alipojua pana mti wa mchungu palikuwa na shimo; watu walikuwa wamechimba mizizi. Kwa Bi Mize alimkuta mumewe, Mzee Kombo, amelala barazani, macho ya manjano, sufuria kando yake.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee amepimwa?"

"Apimwe nini, na dawa mmeisifu wenyewe? Mimi humpa mgonjwa funda moja. Huyu aliposikia inaua vyote, akataka sufuria nzima."

"Mkojo wake ukoje?"

"Mweusi. Kama chai ya rangi."

Jovina aliita bajaji. Wakampeleka mzee hospitali. Malaria ilikuwepo, na damu ilikuwa imepungua vibaya. Binti yao, Shamsa, alitoa damu, mzee akaongezewa na kuchomwa sindano. Jovina alikaa kwenye benchi la nje akampigia Damian.

"Mzee akipata nafuu, tunakwenda Baleni wote. Usipokuja, nitawaambia mwenyewe kwamba ulitangaza kabla jaribio halijakamilika."

Mzee Kombo alipona. Mkutano ukaitishwa, na Damian akazungumza kwa kirefu juu ya matokeo ya awali na hatua zinazofuata, hadi watu wakaanza kupiga miayo.

"Baba," Bi Mize akamkatiza, "inaua au haiui?"

Damian akamtazama Jovina.

"Inapasua damu," Jovina akasema. "Msiinywe. Mwenye homa akapimwe."

Bi Mize akasimama, akajifunga kanga vizuri.

"Mlipokuja kuomba mizizi mlikuwa wapole. Mkanitangaza bila kuniuliza. Leo mnawakataza watu dawa yangu mbele ya majirani zangu. Mume wangu nimemuuguza mimi, na aibu niibebe mimi?"

Jovina akamgeukia Bi Mize.

"Aibu si yako," akasema. "Ni yetu sisi. Tulikimbilia kusema kabla ya kujua."

Damian aliinamia simu yake. Bi Mize akaketi, wala hakuondoka.

Wakati wa kurudi, ndani ya gari, Damian alivuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

"Limekwisha salama," akasema. "Na yale magome ya kule Ras Mkumbi, unayoyajaribu kwa bakteria wa vidonda, yamefikia wapi?"

Asubuhi ile Jovina alikuwa amefungua kisahani na kukuta bakteria wamekufa duara zima kuzunguka dawa. Alikuwa bado hajarudia jaribio, wala hajaijaribu kwenye damu.

"Bado," akajibu, akageukia dirishani.