Kifuu cha Pili

Haya, wewe uliyekunja miguu hapo mbele yangu, nikuulize. Nina mwenzangu kakalia moto mchana kutwa na usiku kucha, wala haungui. Ukimfungua tumbo, ndani mna baridi kama ya mwanandani wa kaburi. Ni nani huyo? Taa? Hapana. Chungu? Chungu kina baridi tangu lini? Basi nakupa mwenyewe: ni friji ya mafuta ya taa, ile yenye utambi unaowaka chini.

Mwaka wa hamsini na tano, pale Ras Kitau ng'ambo ya Shela, ilikuwako moja tu, jikoni kwa Mzungu mmoja mzee ambaye watu walimwita Bwana Miwani. Aliyeijua tabia yake, moshi wake na ukaidi wake, alikuwa mpishi, Bi Mwanamkisi, mjane wa Shela aliyelea wajukuu watatu kwa kazi ya nyumba ile.

Na kazi yenyewe, usicheke, nusu yake ilikuwa kuwapikia mbwa. Bwana Miwani alikuwa nao wawili, Rubani na Nanga, wazee wenye manyoya mazito. Jua la kaskazi likiwaka waliacha chakula, wakalala ndimi nje. Ndipo Bwana akamfundisha kuwatengenezea barafu ya kula. Mwanamkisi alichemsha mifupa ya mbuzi bila chumvi, akaiacha supu ipoe, akaengua mafuta yote. Akatia papai bivu lililopondwa, na mnofu wa samaki changu aliouchambua mwiba mmoja mmoja kwa vidole, na maji ya dafu kidogo. Akamimina katika vifuu vya nazi, akavipanga ndani ya friji hata vikaganda kama mawe.

Vifuu ilikuwa hila yake mwenyewe. Chombo kikilambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa mchanga, na mgongo wa kufanya hivyo kila siku aupate wapi? Kifuu kikishalambwa hutupwa shimoni, yakaisha.

"Na vitunguu?" Bwana alikuwa akimwuliza, kidole juu.

"Haviingii, Bwana. Ni sumu kwa mbwa."

Alilijua jibu hilo kama anavyoijua Fatiha. Lakini Idi ilipofika alikuja na supu ya pilau kutoka kwake, nyeusi kwa vitunguu vilivyokaangwa. Akamtazama Nanga, aliyempenda kuliko mwenziwe japo hajawahi kumgusa hata kwa kidole. Akaona si haki: Shela nzima inakula Idi, na kiumbe huyu analamba supu isiyo na chumvi. Kitunguu kidogo kitamfanya nini? Akagandisha vifuu vitatu. Rubani alinusa, akageuza uso. Nanga alivimaliza vyote.

Siku ya nne fizi za Nanga zilikuwa nyeupe kama chokaa, na mkojo wake rangi ya ukwaju. Siku ya sita alizikwa nyuma ya nyumba.

"Bi Mwanamkisi," Bwana akauliza, miwani mkononi, macho mekundu, "Nanga alikula nini?"

Mwanamkisi akashika upindo wa leso yake. Akawaona moyoni wajukuu zake watatu. Kabla hajafumbua kinywa, Bwana akajijibu mwenyewe.

"Ni Jaafar."

Jaafar ndiye aliyewavusha watu kwa kihori chake. Ijumaa moja Nanga alimlamba kanzu yuko njiani kwenda msikitini, naye akapiga kelele mbele ya watu wote: "Mbwa huyu nitamuua!" Sasa maneno yale yalimrudia. Bwana alimpiga marufuku kukanyaga mchanga wa Ras Kitau, akaandika barua kwa wakubwa Lamu.

Hata hivyo Jaafar aliendelea kumvusha Mwanamkisi, akimshusha mahali maji yanapofika magotini.

"Leo wampikia nini Rubani, yule mkwe wako, Bi Mwanamkisi? Biriani?"

"Nyamaza, ewe! Vuta kasia."

"Mimi navuta. Ijumaa watakuja askari kunitwaa, utavutwa na nani?" Akacheka, kisha kicheko kikamkatika. "Wallahi sikumpa kitu mbwa yule. Hata ndia ya jikoni kwako siijui."

Mwanamkisi akashuka majini.

Siku hiyo, saa sita ya mchana, jua la utosi, wakati ambao hata kunguru hunyamaza, alimwekea Rubani kifuu chake barazani, akaingia ndani kuswali adhuhuri. Alipotoka alikuta vifuu viwili. Vyote vimelambwa, vyote vina unyevu. Akakimbilia friji. Mlango umefungwa, na kwenye safu ya barafu pana mapengo mawili, naye alitoa kifuu kimoja tu. Bwana alikuwa amelala chumbani, anakoroma.

Kesho yake ikawa vilevile. Na jambo moja lilimsumbua kuliko vifuu: Rubani hakulala katikati ya mkeka. Alijibana ukingoni, kama alivyokuwa akimwachia Nanga nafasi alipokuwa hai.

Alhamisi Mwanamkisi hakuingia ndani. Aliweka vifuu viwili kwa mkono wake, akaketi kizingitini, tasbihi kidoleni, akavikodolea macho. Rubani akasogea, akaanza kulamba chake. Kile cha pili kilikuwa peke yake juani. Barafu ikiyeyuka, mwanangu, huanza pembeni, kwenye ukuta wa kifuu. Ile ilianza katikati. Ikafanya kishimo, kishimo kikawa kikubwa, na Mwanamkisi akasikia sauti ndogo ya ulimi, lap, lap, lap, haiendi sawa na ya Rubani.

Kifuu kikatulia, kitupu. Matone ya maji yakatokea sakafuni, moja, jingine, yakija upande wake. Yalikoma mbele ya miguu yake. Kisha kitu cha baridi, kilicholowa, kikamgusa kisigino, taratibu, kama pua.

Hakupiga kelele. Alikwenda kisimani, akauosha mguu mara ya kwanza kwa mchanga, akaumiminia maji mara sita. Baridi haikutoka. Akaosha tena saba. Alivuka kwenda Shela amefunika mguu kwa leso, na usiku wajukuu zake wakalalamika kwamba kitandani mna barafu.

Ijumaa asubuhi Jaafar alikuwa amevaa kanzu safi.

"Afadhali wanikute nimetwahirika," alisema. Hakutania tena. Alipofika maji ya magotini, akasimamisha kihori. "Bi Mwanamkisi, wewe ulikuwako. Kama wajua kitu, sema."

Mwanamkisi alitembea majini akichechemea. Mguu ulikuwa haumo mwilini mwake tena. Ulikuwa wa mtu mwingine, mtu aliye chini ya udongo.

Saa sita alitoka barazani na vifuu viwili. Bwana Miwani alikuwa kitini mwake, akitazama mlango wa bahari, ambako mashua ya askari ilikuwa tayari inaonekana.

"Mbona viwili?" aliuliza.

Mwanamkisi akainama. Akaviweka chini, sambamba. Rubani akajisogeza ukingoni mwa mkeka. Akaanza kulamba. Na kile cha pili kikaanza kuingia shimo katikati, lap, lap, huku Bwana akiinuka polepole kutoka kitini, miwani ikimteleza puani.

"Nanga?" alisema kwa sauti ya mtoto.

Ulambaji ukakoma. Mwanamkisi akahisi kwamba anatazamwa na watatu, si wawili. Baridi ilikuwa imeshampanda hadi gotini. Akaketi sakafuni, pale pale penye maji, asijali unajisi.

"Bwana," alisema, "uliniuliza Nanga alikula nini. Alikula vitunguu. Vitunguu vya pilau ya Idi, vifuu vitatu, kwa mkono wangu mimi."