Ramani ya Fadhlan na Nazi za Mok Senah

Mok Senah alikuwa anaosha mchele wakati Fadhlan, kijana wa chuo kikuu, alipotandaza ramani yake barazani. Kijana huyo alikuwa amepita nyumba hadi nyumba akiuliza watu wanaitaje mvua, wanaitaje kamasi, wanaitaje mjukuu, apate kupima usemi wa kila kijiji uko mbali kiasi gani na wa jirani. Sasa Lubuk Kawah, kijiji cha Mok Senah, kilikuwa kimepakwa rangi moja na Pasir Tengar ya ng'ambo ya mto.

"Kwa vipimo vyangu, bibi, hamna usemi wenu. Mnasema kama wao tu. Wiki ijayo ramani inachapwa."

Pasir Tengar! Watu waliomcheka matamshi yake siku ya arusi, akaapa hatabadili hata neno. Wajukuu zake wa mjini wasome kwamba bibi yao alikuwa mwangwi wa wale?

"Nani kakwambia uongo huo?"

"Ninyi wenyewe."

Akafungua mashine ya kunasa sauti. Akasikika Pok Derih, mkuu wa kijiji na mdogo wake Mok Senah, laini kama msoma habari wa redio. Kisha Mok Senah mwenyewe, laini vilevile.

Hasira ikahama. Mtu wa mto huu hamsemeshi mgeni kama anavyomsemesha jirani. Kumsemesha hivyo ni sawa na kumtandikia mkeka uliochanika. Kijiji kizima kilikuwa kimemtolea kijana huyu maneno ya sikukuu.

"Derih!" alimfokea mdogo wake, aliyekuwa akivuta sigara ngazini. "Umetuzika hai!"

"Dada, ulitaka nimtukane mtoto wa watu?"

"Ungemtukana! Afadhali!"

Akamgeukia Fadhlan ampe neno la kwao, la moto. Mdomo ukafunguka: "Mwanangu, tafadhali, kahawa yako isipoe."

Derih akacheka mpaka moshi ukampalia.

Mok Senah akampokonya Fadhlan kikombe, kahawa ikamwagikia Pasir Tengar.

"Kahawa hakuna! Ugeni umekwisha! Mbuzi ile pale, kaa ukune nazi!"

Fadhlan akakuna. Alikuna vibaya, akapitiliza mpaka kwenye kifuu, nazi nyeupe ikaingia unga wa kahawia. Nazi ya wali wake! Mok Senah akalipuka, na safari hii maneno yalitoka kama mama yake alivyomwachia, makali, yamekatwa miisho. Derih akazima sigara.

Fadhlan akainyoshea mashine mkono uliojaa nazi.

"Washa, mjinga wewe," Mok Senah akasema kwa usemi uleule. "Lakini usiache kukuna."