Upawa wa Chini

Dereva wa kreni katika bohari letu la mabomba ni dada yangu, toka nitoke, na nalisema hili shingo ikiwa imenyooka. Mimi ni mchomeleaji, nafanya kazi chini. Wenzangu huniita Kipaza kwa sababu kunong'ona sikujaliwa. Yeye wanamwita Bi Juu. Hukaa kwenye kibanda cha vioo karibu na paa, ameshika mzigo wa chuma unaoweza kutusaga sote, na anautua chini kama mama anavyomlaza mtoto aliyesinzia.

Basi nyapara akabandika tangazo: atakayezidi kilo tisini hapandi ngazi ya kreni. Kupimwa ni mwisho wa mwezi ujao. Eti usalama. Waliomtangulia dada kwenye kiti kile walikuwa wanaume wenye matumbo kama mapipa, na hakuna aliyewahi kuwaletea mizani. Wengine wamesahau. Mimi sisahau.

Dada alikuwa amezidi. Asipopungua angekabidhiwa ufagio, na kiti kingekwenda kwa mpwa wa nyapara, ambaye hata ndoo ya maji humwagikia miguuni.

Akaanza kujinyima. Asubuhi chai ya rangi, mchana tango, jioni usingizi. Wiki haikuisha, nikainua macho nikaona bomba linayumba hewani. Alilituliza, akalishusha salama, lakini aliposhuka yeye, ilibidi ashikilie ngazi asianguke.

"Dada, unataka kupungua au unataka tukuzike?"

"Anza wewe kupunguza sauti, Kipaza."

Nikamkokota hadi kwa nesi wa zahanati ya mtaani. Nesi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa. "Mama, ili upungue ni kweli kalori unazokula ziwe chache kuliko unazotumia. Lakini ziwe chache kidogo, usizifute! Na protini usiipunguze hata kidogo. Mwili ukiunyima kila kitu unatafuna mpaka misuli. Kilo zitaondoka, na mikono yako ya kazi itaondoka nazo."

"Kwa hiyo nile nini?"

"Wali upunguze nusu. Maharage, mayai, samaki, hivyo usiviache. Vinashibisha, na misuli haitaliwa."

Nikamwona dada ananitazama, nami nikajua anawaza nini. Kantini yetu ina dirisha moja, sufuria moja na pawa mbili. Watu wa ofisini huchotewa kwa upawa wa chini, unaozama mpaka kwenye maharage yenyewe. Sisi wa bohari huchotewa kwa upawa wa juu, unaoelea kwenye maji, kisha mpishi anatujazia mlima wa wali tusilalamike. Nakumbuka ulivyoanza utaratibu huo. Ni mwaka ule mvua ilipoharibu shehena ya maharage, tukaambiwa tuvumilie kwa muda. Muda huo haujaisha mpaka leo. Wametunenepesha kwa wali miaka yote hiyo, halafu wanatuletea mizani!

Kesho yake nilikuwa na hotuba kooni. Dada akanizuia. "Hili ni tumbo langu. Wewe simama nyuma yangu, na ufunge mdomo."

Akafika dirishani, akaweka sahani yake kifudifudi.

"Geuza sahani, Bi Juu," mpishi akasema.

"Nitageuza ukichota chini. Na wali nusu."

"Jamani, dada yangu, unajua si mimi. Ni nyapara."

"Basi nitamngoja."

Nikaifunika na yangu. Nyuma yangu mpakuaji wa mizigo akafunika yake, na mpakaji rangi, na mlinzi wa geti. Watu wa ofisini, waliozoea kupita pembeni na kuingiza mkono, hawakupata pa kupitisha hata kidole. Karani mmoja akaanza kulalamika kwamba ana vidonda vya tumbo.

Nyapara akaja mbio. "Kuna nini hapa?"

"Njaa tu, bosi," sauti ikatoka mwisho wa foleni, na watu wakacheka mpaka sahani zikalia.

"Huyu mwanamke anataka kupendelewa!"

Dada hakupandisha sauti. "Umeniambia nipungue. Napungua. Ila nikipungua kwa maji haya, siku moja mkono utaniishia nguvu, bomba likiwa juu ya kichwa chako. Chagua."

Nyapara akatazama juu, paani, ingawa hakukuwa na kitu kinachoning'inia. Karani akapiga kelele, "Mchotee bwana, tule!" Mpishi akazamisha upawa. Dada akageuza sahani. Kisha ikageuka yangu, na zote za nyuma yetu.

Tangu hapo alikula kwa akili. Wali nusu, maharage ya kweli, yai la kuchemsha alilotoka nalo nyumbani, samaki jioni. Njaa ilimuuma, sisemi uongo, na kuna siku alinikaripia kwa kosa la kutafuna karibu naye. Lakini bomba halikuyumba tena.

Siku ya kupimwa nyapara alishika mizani mwenyewe. Akamfanya dada ashuke, apande tena, avue buti, azivae. Mshale ukakataa kumsaidia: ulisimama chini ya tisini, buti zikiwa miguuni.

"Endelea na kazi," akasema, kama anayetema mchanga.

Dada akapanda ngazi bila kupumzika katikati. Kumbe kwenye kiti chake walishatandika mto mpya, laini, wa yule mpwa wa nyapara. Tulimwona kupitia kioo akiuinua na kuugeuza mikononi. Akashuka mpaka kwenye ndoano, akaufunga, akarudi ndani. Kreni ikaguna. Mto ukavuka bohari zima, juu ya vichwa vyetu, bila kuyumba hata kidogo, ukateremka taratibu na kutua mbele ya vidole vya miguu ya nyapara.

Bohari zima lilipiga makofi. Mimi nilipiga mbinja mpaka nikakosa pumzi. Juu, Bi Juu alikuwa ameshageuza kreni, anafuata bomba la kwanza.