Rangi ya Fedha Kwenye Kiungo

Bibi alihamia kwa binti yake baada ya kuvunjika nyonga. Akapewa chumba ambacho mkwe wake, fundi wa friji, alikuwa akiwekea vifaa vyake. Mkwe hakulalamika hata kidogo, na hilo ndilo lililomtia Bibi wasiwasi. Mwanamume anyang'anywe chumba, abaki anachekacheka tu?

Wiki ya tatu fremu yake ya kutembelea, ile ya alumini yenye miguu minne, ilikatika pale upau wa mbele unapoungana na mguu. Kilichomwokoa ni kitasa cha mlango.

"Itakuwa imechoka, mama," mkwe alisema. "Niachie, nitaiunga hapa hapa nyumbani."

"Imechokaje, na mimi mwenyewe sizidi kilo hamsini?"

Mkwe akaipeleka uani na kufunga mlango wa nyuma. Bibi alisikia moto wa gesi ukivuma, ukanyamaza, ukavuma tena. Kisha akamsikia mkwe akinong'ona kwenye simu: "Imenikatalia kabisa. Lakini hatajua."

Jioni fremu ilirudi inang'aa, kiungo kimepakwa rangi ya fedha. Bibi alishukuru kwa adabu zote. Mkwe alipotoka tu, akachomoa pini kichwani na kukwangua. Chini ya rangi palikuwa na ufa.

Alipoingia binti yake kutoka kazini, hata mkoba hajautua, Bibi alimwambia, "Mumeo anataka nife."

"Mama, hebu acha hayo."

"Basi aiegemee yeye."

Mkwe aliitwa, akasimama mlangoni, miguu ikasita kuingia.

"Iegemee, mkwe wangu."

"Mimi mzito, mama."

"Ndiyo maana nimekuita wewe."

Alikuna kisogo. "Siiegemei," akasema mwishowe. "Haijashika."

Mkewe akautua mkoba.

"Mimi nimezoea mabomba ya shaba," mkwe aliendelea. "Shaba ikipata moto inakuwa nyekundu, unaiona. Alumini haikuonyeshi kitu. Niliogopa kuiyeyusha, moto nikauelekeza kwenye kijiti cha kuungia badala ya bomba la fremu. Kijiti kikayeyuka, kikadondokea juu juu kama nta. Nikaona aibu. Fremu mpya nimeshaagiza kwa simu, inafika keshokutwa."

"Na kesho ningeegemea nini? Aibu yako?"



Asubuhi Bibi alidai kiti kiwekwe uani, mlango ubaki wazi. Mkwe aliondoa rangi kwa tupa, akasugua kiungo kwa brashi ya waya mpaka kikawa cheupe. Safari hii alipasha bomba lenyewe, akizungusha moto pande zote, na kila baada ya muda akiligusa kwa kijiti.

"Bado," Bibi alisema kabla yake.

"Bado, mama."

Mara ya nne kijiti kiliyeyuka chenyewe kilipogusa bomba, kikazama ndani ya ufa. Akakisugulia humo humo, akazima moto, akaacha kiungo kipoe bila maji. Kisha akaishika fremu kwa mikono miwili na kuinua miguu yake mwenyewe juu. Ikamhimili.

Bibi alikwenda nayo mpaka jikoni, polepole, akisikiliza kila hatua. Binti yake alimfuata.

"Sasa unamwamini?"

"Kiungo nakiamini," alisema Bibi. "Yeye bado namwangalia."